Saa ya ukutani ya Ulaya imegoma kujiseti? Mwongozo kwa walioko Arusha na Moshi

Kila Januari, wageni wa Krismasi wakisharudi kwao, mezani kwangu mimi fundi saa hujaa saa za ukutani zilizoletwa zawadi. Nyingi zimetoka Ujerumani. Sharika nyingi za Kilutheri za Kilimanjaro na Arusha zina undugu wa siku nyingi na sharika za huko, na mgeni haji mikono mitupu. Usoni zimeandikwa Funkuhr, yaani saa inayoongozwa na mawimbi ya redio, au Radio Controlled kama zimetoka Uingereza au Marekani, na pembeni pana kialama cha mnara unaotoa mawimbi. Aliyeileta aliapa kwamba saa hii haisetiwi na mtu, inajiseti yenyewe na haikosei hata sekunde. Imefika Njiro au Shanty Town, ikatundikwa sebuleni, ikaanza vituko.

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale kila mwaka. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Tafuta inayofanana na ya kwako, anza na jambo jepesi, na nikisema acha, acha.

Kwanza, ujue saa hii inafanyaje kazi

Ndani ni saa ya kawaida ya kwatzi, ile inayotumia betri moja au mbili. Tofauti yake ni kipande cheusi cha feraiti, kinene kama kidole, kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hiyo ndiyo antena. Kazi yake ni kusikiliza kituo kimoja tu. Saa za Ujerumani husikiliza kituo kinachoitwa DCF77, kilichopo Mainflingen karibu na Frankfurt, kinachorusha kwa kilohertz 77.5. Za Uingereza husikiliza kituo cha Anthorn kwa kilohertz 60. Za Marekani husikiliza kituo cha Fort Collins, Colorado, nacho kwa kilohertz 60. Japani inavyo viwili, China kimoja.

Kituo cha Ujerumani hupunguza nguvu ya mawimbi yake mara moja kila sekunde. Upungufu mfupi, sehemu ya kumi ya sekunde, ni sifuri. Mrefu, mara mbili ya huo, ni moja. Saa inazikusanya sifuri na moja hizo kwa dakika nzima, ndipo inapata saa, dakika, siku, mwezi na mwaka. Ikikosa chache katikati, inaanza upya. Basi hata kwa Mjerumani mwenyewe, saa hiyo inahitaji dakika kadhaa za mawimbi safi, na kwa kawaida inazitafuta usiku, saa nane au saa tisa, wakati mawimbi yanasafiri vizuri na televisheni zimezimwa.

Dalili: kialama cha mnara kinapepesa, kisha kinazimika

Sababu ya kwanza ni umbali. Ya pili ni umbali. Ya tatu pia.

Kituo cha Mainflingen kina nguvu ya kilowati 50, na eneo lake la kutegemewa ni kama kilomita 2,000. Kutoka huko hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 6,000. Afrika Mashariki hatuna kituo cha aina hii. Saa yako ni nzima. Inamwita mtu ambaye hayupo.

Najua kikaratasi kilichokuja nayo kinasema isogeze dirishani, iweke mbali na televisheni, igeuze ielekee kituoni. Ushauri huo ni wa kweli, ila umeandikwa kwa mtu wa Hamburg ambaye sebule yake ina zege nene. Kwake, chaja za simu, taa za LED za bei rahisi na inveta ya sola vinaweza kuwa ndiyo tatizo lenyewe, na kuisogeza mita mbili kunaweza kutosha. Huku kwetu utazunguka nayo nyumba nzima bure. Mimi mwenyewe niliwahi kuiweka moja dirishani Sakina kwa wiki nzima, imeelekea kaskazini na magharibi kidogo ambako ndiko Ujerumani, taa zote nimezima. Haikushika kitu.

Watu wa Arusha wanausingizia Mlima Meru, wa Moshi wanausingizia Kilimanjaro. Lawama hiyo inafaa kwa FM na kwa mtandao wa simu, siyo hapa. Wimbi moja la kilohertz 77.5 lina urefu wa karibu kilomita 3.9. Wimbi la namna hiyo linatambaa na ardhi na kupinda, halizuiwi kirahisi na mlima kama wimbi fupi la FM. Hata ungehamisha Meru, saa isingejiseti. Paa la bati nalo lisikusumbue kichwa, na nakuomba usipande darini kufunga waya wa antena. Mtu aliyeanguka kwa ajili ya saa ya ukutani nimeshamwona.

Cha kufanya: zima utafutaji kama saa inaruhusu (tazama nyuma, kitufe REC au WAVE, au menyu yenye neno kama hilo), kisha iseti kwa mkono kama saa nyingine yoyote. Kwa saa za mkononi za Casio zenye maandishi Wave Ceptor, badilisha mji wa nyumbani. Ikibaki Berlin au London itaendelea kutafuta kila usiku. Chagua mji ulio nje ya eneo la vituo lakini wenye saa zetu. Kwenye orodha nyingi utaukuta Jeddah, JED, na wakati mwingine Nairobi.

Ukitaka kujua kama kipokezi chenyewe ni kizima, zipo njia mbili. Ya kwanza, mpe mtu anayekwenda Ulaya. Mteja wangu mmoja aliondoka na saa niliyomwambia haina ubovu, akanitumia picha asubuhi ya kwanza: imejiseti usiku, mishale imekaa sawasawa. Ya pili ni ya utundu kidogo, na inafanya kazi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ziko programu za simu zinazoigiza kituo. Kwa saa ya Ujerumani zinatoa sauti nyembamba sana ya hertz 15,500, ambayo mara tano yake ni 77,500, na umeme unaopita kwenye koili ya spika au kwenye waya wa iafoni (spika za masikioni) unapeleka mawimbi hayo kwenye antena ya saa. Unahakikisha saa ya simu iko sawa, unazungushia waya wa iafoni mara kadhaa kwenye mgongo wa saa palipo na antena, sauti juu kabisa, unabonyeza REC, unasubiri dakika tano hadi kumi. Simu nyingine zinagoma, jaribu nyingine. Iafoni zisiwe masikioni mwa mtu. Sauti yenyewe mimi siisikii tena, umri umekwenda, lakini kijana wangu huziba masikio na kutoka nje, na mbwa wa jirani hubweka.

Dalili: imesimama saa sita kamili, haitaki kutembea

Hii ndiyo inayowatisha wengi. Umeweka betri mpya, mishale ikakimbia yenyewe hadi saa sita kamili, yaani yote kwenye namba 12 (nyingine husimama kwenye namba 4 au 8), ikatulia. Haijafa. Imejipanga mahali pa kuanzia na inasubiri kusikia kituo ndipo ijue iende wapi.

Kwanza, subiri. Nyingine hukata tamaa baada ya dakika kumi na kuanza kuhesabu kutoka hapo hapo. Ikianza, utaiseti.

Pili, tafuta nyuma kitufe kilichoandikwa M.SET, cha kuseti kwa mkono. Kishikilie sekunde tatu au zaidi hadi mshale wa dakika uanze kusogea. Ukiendelea kushikilia unakimbia, ukibonyeza mara moja moja unasogea dakika moja moja. Ukifika, achia na uiache bila kuigusa. Baada ya sekunde chache itaanza kutembea. Ukipita, hairudi nyuma: zunguka nayo tena mpaka ufike. Vumilia, mzunguko mzima wa saa kumi na mbili unachukua dakika kadhaa.

Usisukume mishale kwa kidole. Saa za zamani za kujaza zilivumilia, hizi hazivumilii. Gia zake ni za plastiki, zina vitundu vidogo ambavyo taa ya ndani hupita ili mashine ijue mishale iko wapi. Ukisukuma, gia inaruka jino, na kuanzia hapo mashine inaamini ni saa sita wakati mshale uko kwenye sita na dakika nne.

Tatu, betri. Nimeiweka ya tatu kwa makusudi, kwa sababu watu huianza hii na kununua betri sita kabla ya kubonyeza kitufe kimoja. Lakini kama mishale inajaribu kukimbia na kukwama katikati, au inatetemeka tu, basi betri ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Pima kwa mita: betri mpya ya alkalaini husoma volti 1.5 na zaidi. Ikiwa chini ya 1.3, mota ya kukimbiza mishale inachoka hata kama saa ya kawaida ingetembea nayo. Betri za kuchaji ni za volti 1.2, nyingi ya saa hizi hazizipendi. Na zile betri nyepesi za dukani zinazouzwa kwa bei ya pipi, weka kwenye rimoti.

Nne, toa betri, bonyeza kitufe chochote mara kumi hivi ili kumaliza umeme uliobaki ndani, ngoja dakika tano, rudisha. Kama kuna RESET, ibonyeze kwa ncha ya kijiti.

Ikishindikana baada ya hapo, mashine ina hitilafu. Usiifungue, nenda sehemu ya mwisho.

Dalili: usiku inazunguka yenyewe, na betri haimalizi miezi mitatu

Mama mmoja wa Usa River aliniletea saa imefungwa kwenye khanga, fundo mbili.

"Fundi, shika hii. Sitaki irudi nyumbani."

"Shikamoo mama. Imefanya nini?"

"Marahaba. Saa tisa usiku inazunguka, kriii, kriii, kama mtu anakuna bati. Nimeomba, haikomi."

Haikuwa na pepo. Kila usiku inatafuta kituo, inashindwa, na mashine nyingine zikishindwa mara kadhaa hujirudisha saa sita na kuanza upya. Sauti ile ni mota ikikimbiza mishale. Ndiyo pia inayokula betri: kutembea kwa kawaida kunatumia umeme kidogo mno, kutafuta na kukimbia kunatumia mwingi.

Dawa ni kuzima utafutaji. Kama saa haina namna ya kuuzima, ikishasetiwa kwa mkono mara nyingi hutulia, lakini si zote. Zisizotulia zibadilishwe mashine. Ya mama yule nilibadilisha, ikarudi nyumbani kwenye khanga ile ile.

Dalili: inatembea vizuri lakini iko nyuma saa kamili

Yaani dakika ni sawa kabisa, ila saa moja, mbili, tatu, saba au nane pungufu. Hapa saa ilikuja na betri ndani, ikaendelea kuhesabu saa za kwao. Tanzania tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, mwaka mzima, hatubadilishi. Wao wanabadilisha, na ndiyo maana tofauti haikai pamoja:

- Imetoka Ujerumani: nyuma saa mbili wakati wao wako baridi, saa moja wakati wa kiangazi chao.
- Imetoka Uingereza: nyuma saa tatu baridi, mbili kiangazi.
- Imetoka pwani ya mashariki ya Marekani, kama New York: nyuma saa nane baridi, saba kiangazi.

Angalia kwanza tofauti inalingana na orodha hii. Ikilingana, hakuna ubovu, seti kwa mkono. Watu wengine huenda kwenye ZONE, sehemu ya kuchagua tofauti ya saa, na kuweka +2. Inafaa hadi saa irudi Ulaya au ianze kudhani ni kiangazi, ndipo hesabu inavurugika. Mimi huacha ZONE kwenye sifuri na kuweka saa yetu moja kwa moja.

Na angalizo kwa saa za namba: zinahesabu hadi 24. Ukitaka saa moja asubuhi weka 7:00, saa moja usiku weka 19:00. Kengele inayolia usiku wa manane badala ya asubuhi, mara nyingi chanzo ni hapo.

Dalili: ilikuwa sawa, imeruka saa moja yenyewe

Tazama kalenda. Ikiwa ni Jumatatu baada ya Jumapili ya mwisho ya Machi au ya Oktoba, saa yako ina kalenda ya Ulaya ndani na imebadilisha majira bila kusikia kituo chochote. Za Marekani huruka Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Tafuta menyu ya DST (majira ya kiangazi), weka OFF. Haipo? Basi utairekebisha mara mbili kwa mwaka.

Dalili: kila mara inapishana dakika zile zile

Iko mbele dakika nne leo, nne kesho, nne mwezi ujao. Saa haipotezi muda. Mishale imekaa vibaya kwenye shafti. Aidha mtu alisukuma kwa kidole, au ilianguka safarini.

Jaribio: bonyeza RESET na uache mishale ikimbie hadi mahali pa kuanzia. Ikisimama sita na dakika nne badala ya sita kamili, umepata. Kama mkono wako hautetemeki, fungua kioo, chomoa mshale wa sekunde, wa dakika, kisha wa saa, kwa kuvuta wima bila kupinda. Irudishe mmoja mmoja yote ikielekea namba 12 wakati mashine imetulia hapo. Hakikisha haigusani ikipishana. Mshale wa saa ukiachwa kati ya namba mbili wakati wa dakika uko juu, umekosea, rudia. Kioo kikiwa kimegundishwa na gundi, usikibandue na kisu. Vioo hivyo ni vyembamba na vinapasuka vidoleni.

Dalili: inachelewa kidogo kidogo

Hili ni kawaida, na hapa ndipo zawadi inapokuwa saa ya kawaida kama nyingine. Bila kituo cha kuisahihisha, inategemea kijiwe cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kijiwe hicho kimepimwa kwa joto la nyuzi 25 hivi; kukiwa na baridi au joto kali zaidi kinapungua mwendo kidogo. Julai Arusha, au juu kule Marangu, saa iliyo kwenye ukuta wa nje huchelewa kuliko ilivyokuwa Februari. Sekunde 15 au 20 kwa mwezi ni za kawaida. Iseti mara moja kwa mwezi kwa saa ya simu, maana simu huchukua muda kutoka kwenye mtandao. Dakika nzima kwa wiki si kawaida: badilisha betri, na ikiendelea, mashine imechoka.

Acha hapo, ita mtu

Saa za Marekani zinazoakisi namba ukutani huja na adapta. Isome kabla ya kuchomeka. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke kwenye soketi yetu ya volti 230. Inaweza kulipuka au kuwaka moto. Ikishalipuka, usifungue adapta. Tupa, tafuta nyingine yenye volti na ampea zile zile za upande wa saa, na kama hujui kusoma maandishi hayo mpelekee fundi umeme.

Betri iliyovuja unga mweupe au kijani: valia glovu, futa kwa pamba yenye siki au limao, kausha. Unga huo unaunguza ngozi na macho. Ukiwa umefika kwenye sakiti, mpe fundi.

Na betri bapa za vifungo zilizomo kwenye saa za mezani na rimoti zake, usiziache wazi mtoto anapotambaa. Akiimeza, au ukishuku ameimeza, usisubiri itoke. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheza kama kawaida. Inaunguza koo kwa muda mfupi.

Mashine ikifa kabisa

Usitafute mashine nyingine ya aina hiyo, haina faida huku. Mashine ya kawaida ya saa ya ukutani ipo madukani, na uso mzuri wa mgeni wako utabaki. Toa mashine ya zamani, pima kwa rula urefu wa shafti kutoka pale inapotokea hadi nchani, na unene wa uso wa saa. Shafti fupi haitafika upande wa pili, ndefu mno itagonga kioo. Nenda dukani na mishale ya zamani mfukoni: matundu yake mara nyingi hayaingii kwenye shafti mpya, hivyo nunua mashine inayokuja na mishale yake, au uvumilie mshale mweusi wa plastiki juu ya uso wa dhahabu. Wateja wangu wengi huvumilia.